Taa za Mkubwa na Mtungi wa Mama Anastasia

Masasi, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila macho bado yananiwasha. Hapo Korogwe hamjambo? Kikohozi cha Mama kimepoa?

Barua yako nimeipata. Umesikia nimegombana na mkubwa mmoja, unaniambia nikaombe radhi upesi nisifukuzwe kazi. Baba, nisikilize kwanza.

Huku vita iko ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Sisi madereva tunapaka taa matope, tunaacha upenyo mdogo wa kuonea njia, ndege za Wareno zisituone. Wiki tatu zilizopita, magharibi, nilikuwa napandisha mlima wa Newala, lori limejaa akina mama na watoto wanaohamia kijiji cha ujamaa. Mara likatokea gari jipya la mkubwa huyo, taa kali zinawaka zote, matope hakuna. Lahaula! Sikuona barabara wala korongo. Nikafunga breki, utingo akatia jiwe nyuma ya gurudumu, nikashuka.

"Punguza taa, mzee!"

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nitakujuaje? Taa zako zimenipofusha. Zima kwanza nikuone."

Akina mama wakaangua kicheko. Yeye akazidi kufoka, taa hazimi. Basi akashuka Mama Anastasia, mkulima wa korosho kutoka Chilangala, na mtungi wake wa maji. Maji ya Newala, Baba, mtu huyafuata bondeni tangu alfajiri. Akayamwaga chini, akakanda udongo, akaziba taa zote mbili. Akamwambia, "Pole na safari, mwanangu."

Usiku ule wanawe walilala na kiu. Nililia, sikufichi.

Kesho naitwa ofisini nikaseme nimekosa. Sisemi ng'o! Leseni waichukue wakitaka. Mama wa watu amemwaga maji ya wanawe kwa ajili yetu, halafu mimi nikainamishe kichwa? Nikifukuzwa nitarudi nyumbani kulima, lakini utaniona nimeinua uso.

Msalimie Mama, na shangazi muuza vitumbua. Kaka Bakari, fundi cherehani wetu aliyekuletea habari hii, mwambie akipeleka habari azipeleke nzima, si nusunusu.

Sasa hivi Mama Anastasia ameniletea ujumbe. Kesho naye atakuja ofisini, na mtungi umejaa.

Mwanao, mbishi uliyemzaa mwenyewe,
Hamisi