Mke Wangu Anasema Kila Ua Linanukia

Shangazi Narjis mpendwa,

Naomba unisikilize hadi mwisho, maana Jumapili binti yetu Inara anakuja na gari kumchukua mama yake, na kabla ya siku hiyo nataka mtu asiyenijua aniambie kama nimekosea au nimekosewa.

Naitwa Dilawar, nilikuwa mwalimu wa biolojia Iringa na baadaye hapa Toronto, sasa nimestaafu, naishi Don Mills na mke wangu Shahnaz, na nyuma ya nyumba, chini ya mti mkubwa wa mepo ambapo jua halifiki, napanda hosta. Labda huijui kwa jina lakini umeiona: majani mapana kama sahani, hupenda kivuli, baridi ikija huoza yote ukadhani mmea umekufa, halafu Mei huchomoza upya. Wengi huipenda kwa majani tu, mimi naifuata kwa maua. Kuna aina moja nyeupe inayochanua alasiri na kujaza harufu bustani nzima, na kuna za zambarau ambazo hazinukii hata kidogo, na hamu yangu tangu nistaafu ni kupata chotara mmoja mwenye zambarau iliyokolea na harufu ya ile nyeupe. Kazi hii haimfai mwenye haraka. Unawahi kabla ya nyuki, unachukua chavua ya mmea mmoja kwa brashi ndogo, unaigusisha kwenye ua la mwingine, unafunga uzi usije ukasahau, unangoja mbegu ziwe nyeusi, unazipanda ndani ya nyumba chini ya taa wakati nje kuna barafu, na mche hautoi ua la kuhukumiwa hadi mwaka wa pili au wa tatu. Hapo ndipo unatazama: shina la maua limesimama au limelala, maua yako juu ya majani au yamejificha, rangi inadumu au inapauka mchana, na mwisho kabisa, linanukia au halinukii. Unabakiza michache, mingine yote inakwenda kwenye mboji, kwa sababu bustani haina nafasi ya huruma.

Sasa Shangazi, corona iliponipata ilinichukulia pua, sinusi chochote hadi leo, nikawa namwita Shahnaz aninusie, na yeye alikuwa na pua ya ajabu, akiwa ghorofani aliweza kusema chai inayochemka jikoni imesahauliwa iliki, kwa hiyo nilimwamini. Kila kiangazi nikimwuliza, "Mama Inara, hili?" anainama, anafumba macho, anasema, "Linanukia." "Na hili?" "Hilo pia, kidogo." Kwa neno lake nikabakiza mche mmoja wa zambarau, mzuri kupita yote, nikaufanya mama wa miche yote iliyofuata, na ndugu zake nikawatupa.

Mwezi uliopita Dulcie, jirani yetu Mgoa wa Nakuru ambaye naye ni mgonjwa wa hosta kama mimi, alikuja kuuona. Akazamisha pua mpaka chavua ikamganda usoni, akasema, "Mwalimu, sura ni ya malkia, lakini harufu hata ya kusingiziwa halina."

Shahnaz akamjibu, "Wewe Dulcie una mafua."

"Mafua gani! Manukato yako ndiyo yananipigisha chafya tangu getini."

Walicheka wao, mimi sikucheka. Dulcie alipoondoka nikafanya kama darasani, nikamfunga Shahnaz kitambaa machoni, nikamletea ua jeupe ambalo wapita njia hulinusa kutoka barabarani, kisha lile la zambarau, kisha kijiko kitupu. Akasema vyote vinanukia.

"Na hiki cha mwisho kinanukia nini?"

"Ua," akasema, na sauti ikamtetemeka, nikajua nimemkamata.

Tangu siku hiyo nalala chumba cha chini, nakula mkate wangu, nazungumza naye ya lazima tu. Sababu yake naijua: anataka tuuze nyumba tukaishi fleti karibu na Inara huko Malton, na ameona njia rahisi ni kuniacha nipoteze miaka mpaka nichoke mwenyewe. Amebadilika kwa mengi. Anajimwagia manukato kama bibi harusi, sijui kwa ajili ya nani. Juzi aliunguza vitunguu hadi king'ora cha moshi kikalia, naye amesimama palepale kwenye sinki ameupa mgongo moto, akageuka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewasha jiko. Alinipa chai ya maziwa yaliyochacha, nikaona mabonge, yeye ameshamaliza kikombe chake na ananiambia najifanya sultani. Chakula anakisukuma tu sahanini, amekonda, nadhani ni kususa. Nikampigia Inara aje amchukue mama yake, na Inara, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hakizungumzi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba amechoka na zamu za uwanja wa ndege na hana nguvu za kuamua ugomvi wa maua, ila atakuja.

Niambie, Shangazi. Ning'oe miche yote kabla ya baridi? Na mtu ataishije na mke anayemjibu kama mtoto wa kubembelezwa?

Mwalimu Dilawar,
Don Mills


Mwalimu Dilawar,

Pole kwa miaka yako. Imepotea kweli na sitakupambia maneno. Lakini umeandika barua nzima ya ushahidi na hukuusoma, na mwanafunzi angekufanyia hivyo ungemrudishia karatasi.

Mkeo hanusi.

Mtu anayeongeza manukato kila siku ni mtu asiyejisikia harufu. Mtu anayesimama hatua mbili kutoka kwa vitunguu vinavyoungua, akashtushwa na king'ora, hakupata onyo ambalo pua ingempa. Amekunywa maziwa yaliyochacha kikombe kizima, baba! Nani anajikomoa hivyo ili auze nyumba? Na chakula kisicho na harufu hakina ladha, ndiyo maana anakisukuma. Wewe mwenyewe huna pua, ulipaswa kuwa wa kwanza kumtambua mwenzako. Hiyo corona ilipokulaza, nani alikuuguza? Au yeye ilimruka?

Sijui kama alijua tangu mwanzo. Pua inayoondoka polepole haiagi. Huenda alikumbuka harufu ya zamani akadhani anaisikia. Huenda alijua, akaona mume wake amebakiwa na furaha moja, na furaha hiyo inategemea pua yake, akakosa ujasiri wa kuizima. Hilo la pili ni kosa, na miche uliyoitupa kwa neno lake hairudi. Lakini wewe umemfunga mama mtu mzima kitambaa machoni, ukampa kijiko, na sauti ilipotetemeka ukafurahi. Mimi nasikia mtu ananusa gizani, hapati kitu, na anaogopa. Haya ya darasani ulifanyia nini nyumbani kwako?

Sasa fanya hivi. Miche iache ardhini, haina hatia. Msimu ujao Dulcie anuse, na neno lake ulikubali hata likiuma. Ule wa zambarau ubaki kwa uzuri wake. Harufu utaianza upya kutoka ile nyeupe, kama umri utakuruhusu, na inawezekana hautakuruhusu.

Mpeleke Shahnaz kwa daktari wiki hii. Mweleze yote: manukato, moto, maziwa, kukonda, na kama kuna jambo amelisahau au jina limempotea usilifiche kwa aibu. Huenda ni mabaki ya corona, huenda ni dawa anazotumia, uzee, au uvimbe mdogo puani. Wakati mwingine pua hutangulia na maradhi ya kusahau yakafuata. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema usingoje theluji iyeyuke ndipo ujue. Nyumba yenu ina watu wawili wasionusa moshi wala gesi, kwa hiyo vikague ving'ora leo, na maziwa msome tarehe.

Inara mwache aje na gari lake. Aje awapeleke wote wawili, asije kumhamisha mmoja.

Na kabla ya Jumapili panda juu, kaa karibu naye, umwombe radhi kwa kile kitambaa. Usimpime tena kwa chochote. Mwulize tu, "Tangu lini?" Halafu nyamaza mpaka amalize, hata akilia, hata akisema hajui.