Shangazi, Mninga Wako Umekatwa

Ni mwaka sasa tangu utuache, Shangazi, na nina habari nyingi mpaka sijui nianzie wapi. Chuo nimemaliza! Mama alipiga vigelegele ukumbini hadi mkuu wa chuo akasimamisha hotuba. Ungekuwepo ungemzidi.

Bado tunakuona asubuhi na gambuti zako za kiume, msumeno mdogo kiunoni, ukizunguka miti yako nyuma ya nyumba. Hukujua kunyima mtu. Jirani akija kuomba mche wa mninga aliondoka nao, na maelekezo juu. Kupogoa matawi tu ndiko hukumwachia mtu. Nikijaribu, unacheka: "Wewe mtoto, unapogoa au unanyoa?"

Sasa sikiliza. Ulipoondoka, Baba alipiga marufuku msumeno. "Miti ya dada yangu haiguswi!" Tukamwacha, maana hata chai alikuwa hamalizi. Miti ikajiotea itakavyo. Ule mninga mkubwa, wa karibu na tangi la maji, ukagawanyika mashina mawili, kila moja linavuta kwake. Mama akilisema hilo, Baba anatoka nje. Nikilisema mimi, ndiyo kabisa.

Juzi akaja rafiki yako fundi seremala. Akauzunguka mti, akasema, "Mzee, hapa unalea kuni, si mbao."

Shangazi! Baba aliingia ndani akatoka na msumeno wako. "Shika ngazi," akaniambia. Akapanda. Akaweka meno ya msumeno kwenye shina la kushoto, akayatoa, akahamia la kulia, akayatoa.

"Dada angekata lipi?"

"Lililopinda, baba watoto!" Mama akapaza sauti.

"Yote yamepinda!"

Fundi akajifanya anafunga kamba za viatu.

Baba akakata la kushoto. Lilipoanguka alibaki juu, amelikumbatia lililobaki, na mimi nimeing'ang'ania ngazi.

Kama kakosea, tutajua nikiwa na mvi. Yeye hatulii, anakwenda kuliangalia kovu, anarudi, anakwenda tena. Leo nimemkuta kwenye mti wa pili, msumeno mkononi, ananiuliza: "Na huu?" Nami sijui, Shangazi. Nimemwambia akate.

Unakumbukwa na wifi yako, nami binti yako uliyemlea, na kaka yako, ambaye tunamwita aje asome haya kabla hayajatoka gazetini, anaitika "nakuja" na haji.

Hututoki moyoni, leo na siku zote.