Mzigo wa Marlúcia

Petrolina, Jumatatu 4 Agosti

Mume wangu kipenzi,

Hujambo, roho yangu? Mgongo unauma bado? Mimi ni mzima wa mwili tu. Shati lako la harusi silifui, nalilalia. Mama yako anasema nitalichakaza kwa kulinusa.

Sasa nieleze habari za huyo dalali, Jucilene. Nimeingia kwenye soko la mizigo la simuni nikaona kila safari yako kakupa yeye, na kila safari kakutunuku nyota tano na mioyo mitatu. Dalali wa mizigo na mioyo, wapi na wapi? Tena picha yake ni midomo mitupu. Malori yote ya huko Mato Grosso yamekwisha, limebaki lako?

Rudi, mpenzi. Nyumba mpya, mimi mpya, na wewe uko barabarani.

Mkeo akupendaye mpaka anaumwa,
Ivonete

Sorriso, Jumatano 6 Agosti

Mke wangu,

Salamu, ua langu. Mgongo umepoa. Jucilene hutuma mioyo kwa madereva wote, hata mzee Valdomiro asiye na meno kapata. Sasa ananipa mahindi ya kupeleka bandari ya Paranaguá. Malipo mazuri, ila nyumbani nitafika mwezi ujao.

Bahati jana kajitokeza mwenye mzigo mgeni, anaitwa Marlúcia. Ana mbegu za pamba za kulisha mbuzi, kutoka Rondonópolis mpaka hapo hapo Petrolina. Bei yake ni ndogo ya kuchekesha, lakini mama huyo ni mpole! Kaniuliza kama nimekula. Miaka yote hii hakuna mwenye mzigo aliyewahi kuniuliza hivyo. Nadhani nitachukua wake.

Mumeo,
Adailton

Petrolina, Alhamisi 7 Agosti

Adailton,

Natumaini umeamka salama; mimi sikulala. Mwanamke usiyemjua anakuuliza kama umekula, nawe unamjibu kwamba chakula cha peke yako hakina ladha hata kikiwa na chumvi. Mimi mkeo hujaniambia neno tamu kama hilo tangu tutoke kanisani. Nimelisoma na kulirudia, nikalia kwa wivu, nikatamani kumng'oa nywele.

Kisha nikakumbuka nywele zenyewe ni zangu. Marlúcia ni mimi, mume wangu. Nilifungua akaunti kwa jina hilo nione utachagua mahindi ya Jucilene au njia ya nyumbani. Mbegu za pamba hakuna. Usiyakatae mahindi, nakuomba. Nikasirikie, lakini nijibu.

Mkeo mpumbavu,
Ivonete

Rondonópolis, Jumamosi 9 Agosti

Mke wangu,

Mimi mzima. Njiani hakukuwa na mtandao. Maneno yako yamenikuta langoni mwa ghala la pamba, namwuliza mlinzi habari za bibi Marlúcia. Yeye na wenzake wamecheka mpaka wamekaa chini. Mahindi niliyakataa juzi, kapewa mwingine.

Nilikasirika. Nikapiga gurudumu teke, nikanywa kahawa, nikalipiga tena. Kisha nikalizima hilo soko la simuni. Nakuja na lori tupu, jambo ambalo marehemu baba hakulifanya katika udereva wake wote. Kila kituo cha mafuta madereva wenzangu watanizomea.

Pika mbuzi. Na huyo Marlúcia mwambie ahame kabla sijafika. Mimi nimeoa, na mke wangu ana wivu.

Mumeo