Kujiuzulu kwa Bi Ummukulthum kwa Sababu ya Kodi ya Chumba

JUMUIYA YA KUSAIDIANA YA WAZANZIBARI, BARKING
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumapili, 9 Novemba 2025
Mahali: Chumba cha juu, duka la vitambaa la Bw. Chandrakant

Waliohudhuria:
Nd. Hamad Shaame – Mwenyekiti
Nd. Mahmood Seif – Makamu Mwenyekiti
Bi Afra Juma – Mjumbe
Bi Ummukulthum Faki – Mjumbe, muosha maiti wa kike
Bi Najla Salim – Katibu

Aliyetoa udhuru: Nd. Miraji Othman (zamu ya ghalani, Edmonton)

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:25 mchana, baada ya kumsubiri Nd. Mahmood, aliyesema amekosa pa kuegesha gari.

KUMB. NA. 2/11/2025: BARUA YA BI UMMUKULTHUM
Katibu alisoma barua ya Bi Ummukulthum ya kujiuzulu kuanzia tarehe 30 Novemba. Mwenyekiti alimtaka aeleze sababu kwa kinywa chake, kwa kuwa barua ilikuwa na mistari mitatu tu.

Bi Ummukulthum alieleza kwamba anahudumia wazee majumbani mwao, na hulipwa saa anazokaa na mgonjwa tu. Saa za kupanda basi kutoka nyumba moja hadi nyingine hazihesabiwi. Mwezi ukiwa mzuri hupata pauni elfu moja na mia nne na kidogo. Kodi ya chumba chake ilikuwa mia sita na arubaini, na kuanzia Disemba itakuwa mia nane na hamsini. Akishatoa kodi, nauli na anachompelekea mama yake huko Wete, hakitabaki cha kula.

Bi Afra aliuliza mwenye nyumba ni nani. Nd. Mahmood alisema, "Nyumba ni yangu."

Nd. Mahmood alieleza kwamba mkopo wa nyumba umepanda na benki haimwonei huruma, na kwamba wapangaji wake wote wamepandishiwa sawasawa. Bi Afra alimkumbusha kwamba mwaka 2021 marehemu mama yake Nd. Mahmood alioshwa na Bi Ummukulthum, wakati wa maradhi ya korona, watu walipokuwa wanaogopa hata kuingia chumbani. Nd. Mahmood alitaka maneno hayo yasiandikwe. Mwenyekiti aliamua yaandikwe.

Bi Ummukulthum aliomba watu wasigombane kwa ajili yake. Alisema, "Mahmood hakunifukuza. Ameniambia bei tu."

KUMB. NA. 3/11/2025: KUTAFUTA CHUMBA
Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye nafasi nyumbani. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mwanawe amerudi na mke na watoto wawili, na sasa yeye analala sebuleni. Bi Afra alieleza kwamba nyumba yake ni ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, haruhusiwi kupangisha, na mabinti zake watatu wanalala chumba kimoja. Katibu alieleza kwamba chumba chake cha Woolwich anachangia na mfanyakazi mwenzake.

Nd. Mahmood alijitolea kuiacha kodi ibaki ile ya zamani hadi Ramadhani ipite. Bi Ummukulthum alimshukuru, akakataa. Alisema Ramadhani ikipita atakuwa amekaa pale pale, anangoja kuitishiwa kikao kingine.

Bi Ummukulthum alieleza kwamba amekwishapata kazi kwenye nyumba ya wazee huko Hull, kaskazini, na nyumba ya chumba kimoja ya kodi ya pauni mia nne na ishirini. Alikwenda kuiona Jumanne. Alipofika mlangoni alipiga hodi kwa mazoea, na wakala wa nyumba akamuuliza anazungumza na nani. Siku nzima hakusikia Kiswahili isipokuwa hiyo hodi yake.

KUMB. NA. 4/11/2025: KAZI YA KUOSHA MAITI
Bi Afra aliuliza nani atawaosha wanawake wa Barking, kwa kuwa wawili waliofundishwa wamehamia Leicester na Luton, nao kwa ajili ya kodi. Bi Ummukulthum alijibu kwamba ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne na hakupenda kuiacha. Akasema, "Nyinyi mtampata mtu. Mimi huko sijui ataniosha nani."

Iliamuliwa Bi Afra afundishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Kujiuzulu kulikubaliwa. Bi Afra hakuunga mkono uamuzi huo, na aliomba iandikwe.

KUMB. NA. 5/11/2025: MENGINEYO
Bi Ummukulthum ataondoka Jumamosi, tarehe 29, kwa basi la saa moja asubuhi kutoka Victoria. Nd. Mahmood alijitolea kumpeleka kwa gari lake. Bi Ummukulthum alisema mizigo yake ni mabegi mawili, hahitaji gari. Mwenyekiti aliuliza nani atamsindikiza. Wajumbe wengine walitazama simu zao. Wote walikuwa na zamu asubuhi hiyo.

KUFUNGA KIKAO
Kikao kilimalizika saa 10:10 jioni kwa dua iliyoombwa na Mwenyekiti.

Hamad Shaame, Mwenyekiti ……………
Najla Salim, Katibu ……………

Nyongeza ya Katibu, 14 Disemba 2025: Kabla ya kusainiwa, Katibu alimpigia simu Bi Ummukulthum na kumsomea kumbukumbu hizi ili azithibitishe. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Alisema zote ni sahihi, hana cha kurekebisha. Kisha akaomba asomewe tena tangu mwanzo, na Katibu akamsomea.