Ekseli ya Kumnasia Mwongo

4 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama mzima, na magoti yake yameacha kutabiri mvua. Sisi huku hatujambo. Wifi yako yuko kazini anaendesha gari lake la wagonjwa. Amesema nikusalimie sana, nami ni mtu wa kufikisha salamu.

Sasa shida. Kuna tajiri mmoja hapa, muuza saruji, ameniletea gari lake la mashindano. Injini ameshaweka, ya nguvu za farasi mia sita, tena ameiweka kwenye gari ambalo nyuma yake ilitengenezwa kwa ajili ya kupeleka watoto shule. Tulipoliwasha na kukanyaga mafuta mara moja tu, difu, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, ilipasuka kama karanga.

Najua hapo kwenye yadi yako ya magari mabovu una nyuma mbili zinazoweza kubeba mzigo huo. Kuna ile ekseli nzima ya pikapu, bomba moja la chuma toka gurudumu hadi gurudumu. Halafu kuna ile ya gari la kifahari, ambayo kila gurudumu linajitegemea na shafti yake fupi. Naomba hiyo ya pili. Ekseli nzima kaa nayo.

Usianze kuwaza. Gari ni la kukimbia mstari ulionyooka, kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Na mimi siendeshi, nafunga vyuma tu. Nilichomwapia Mama nakikumbuka, na hata nikitaka kusahau, nyonga inanikumbusha kila nikipanda ngazi.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Nilipomwambia umeandika akauliza, "Anataka nini?" Nikasema anatusalimia tu. Akasema, "Hajawahi."

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama dada, mara ya pili kama muuza vipuri. Dada alifurahi.

Unajua mimi shule ya ufundi niliiona kwa nje tu, nikipita. Lakini kwenye kaunta hii nimejifunza kwamba mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo, hawezi kunidanganya kwa spea anayoomba. Anayetaka vitasa vipya vya milango yote amegombana na mkewe, hata akisema ni kutu. Anayetaka bampa ya mbele na hataki kuja na gari, huyo hata jina lake silitaki.

Haya, wewe sasa. Farasi mia sita, mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo mtu mwenye akili anaomba ekseli nzima. Ukikanyaga, magurudumu yote mawili yanabaki wima, yanang'ata lami kwa pamoja, na bomba lile halina cha kuvunjika. Hiyo unayoitaka ina viungo vingi kuliko mwili wa Mama. Ukiondoka nayo kwa fujo, nyuma inarukaruka kama chura aliyekanyaga kaa la moto, mpaka shafti moja ikatike. Sifa yake iko kwenye kona. Kona ikiwa na mashimo, gurudumu moja likitumbukia, mwenzake hana habari, anaendelea kushika barabara.

Mtu wa mstari ulionyooka anayeomba nyuma ya kona ni sawa na anayeaga kwenda kulala huku anafunga kamba za viatu.

Huko kwenu barabara ya kona naijua moja tu, ile ya mlimani, iliyokuvunja nyonga. Nani anapanda?

Dada yako

15 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo tena. Vipi hali, vipi biashara? Sisi wazima, tunakula, tunalala.

Una roho ya askari wa mpakani. Hakuna anayepanda popote. Tajiri ana mgongo mbovu, anataka gari laini, basi. Wewe tuma tu.

Halafu kwenye kasha uniwekee na pedi za breki, zile za kuvumilia moto, za magurudumu yote manne.

Wifi anakusalimia. Anauliza kama umeshatuma.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, wewe ndiye unayenitia wasiwasi.

Mgongo wa tajiri nimeuonea huruma. Maskini, anaumwa mgongo, kwa hiyo ameamua kupumzika ndani ya gari la farasi mia sita.

Na pedi za kuvumilia moto! Uwanja ule ulisimamisha ndege, wewe gari linakushindaje? Pedi zile ni za mtu anayekanyaga breki, anakata kona, anakanyaga tena kabla hazijapoa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako naona ina kona.

Sasa sikiliza. Leo nimempakilia Kofia, dereva wa lori, ile ekseli nzima. Kama unasema kweli, ndiyo inayokufaa, utanishukuru. Kama unasema uongo, hutathubutu kupanda nayo mlimani, maana unajua inavyofanya kwenye kona mbovu. Gurudumu moja likipigwa linampiga mwenzake, na nyuma yote inatupwa nje. Utairudisha kwa lori lilelile, nami nitakuwa nimekujua. Pedi sijaweka.

Mama anasema ukiendesha gari kwenye ule mlima tena, asikuone mlangoni kwake. Hakupandisha sauti. Alisema huku anachambua mchele, wala hakuinua macho. Unajua maana yake.

Dada yako

2 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo.

Ekseli imefika salama. Nimeifunga. Nzuri sana. Asante.

Wifi anakusalimia.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na hiyo "nzuri sana" yako nimeiweka mezani nikaitazama siku nzima. Tangu lini wewe ukapokea kitu bila kulalamika? Ulipokuwa mtoto ulilalamikia maziwa kuwa ni meupe mno.

Kofia alikaa huko kwenu siku kadhaa akisubiri mzigo; aliporudi nikamkalisha, nikampa chai. Unamjua, Kofia anaona kila kitu ila hajui kama ameona mpaka aulizwe.

"Gari la tajiri umeliona?"

"Nimeliona, Mama Mkubwa. Linang'aa."

"Tairi za nyuma je?"

"Zipo."

"Kofia. Zimelika wapi?"

Akafikiri. "Mabegani. Katikati mpya kabisa."

Mstari ulionyooka haumli mtu mabega, mdogo wangu. Nikammiminia kikombe cha pili.

"Na kiti cha dereva, kiko mbele au nyuma?"

"Kiti? Aa, kile kimesogezwa mpaka karibu kinabusu usukani. Tena kina mto wa kukalia. Wa maua."

Wewe una miguu kama ngazi ya fundi umeme. Kiti kile si chako. Kwa hiyo yupo mtu mfupi, anayependa maua, na anapanda mlima na ile ekseli niliyoituma ili isipande. Mimi si mtoto. Nakuuliza mara moja tu, na ujue sijamwambia Mama: wifi anajua habari za huyo mwanamke?

Dada yako

13 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

Wifi anajua habari za huyo mwanamke. Ni yeye.

Tajiri alimwona siku moja analirudisha gari la wagonjwa kinyumenyume kwenye uchochoro wetu, ule ambao hata mkokoteni unapita kwa kuomba radhi. Hakugusa ukuta. Akamwuliza kama anaweza kuendesha kitu chenye nguvu zaidi. Akajibu, "Kwani hicho chenye nguvu kina usukani?" Tangu hapo hashikiki. Dada, hujawahi kumwona akitoka kwenye lile gari la mashindano. Anakuwa mtu mwingine, anacheka peke yake. Mimi niliapa kutoendesha na siendeshi. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ungemwambia Mama, na Mama angempigia wifi yako simu huku analia.

Ekseli yako ilipofika nikamwambia tuirudishe. Akaitazama, akaniambia, "Dada yako anajua vyuma kuliko wewe. Akituma hiki, ana sababu yake. Funga." Ningemwelezaje? Ningelazimika kumwonyesha barua zetu, na kwenye barua zetu hakuna mstari wangu ambao hauna uongo. Nikafunga.

Sasa kuna kona ya tatu, lami yake imeliwa. Kila akipita, nyuma inaruka. Mimi nasimama pale pembeni naiona hewa chini ya tairi.  Yeye anashuka, anakunywa maji, anapanda tena. Mashindano ni Jumapili hii, tarehe 19. Nifanye nini?

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu,

Salamu baadaye.

Itoe. Hata ukibaki na gari lisilo na nyuma kabisa, itoe.

Kofia ameondoka asubuhi hii na ile inayojitegemea. Nimeifunga kwenye kasha kwa mikono yangu, na shafti nene, na bushi ngumu, zile raba za viungo, ili isirukeruke wakati wa kuondoka, na pedi zako zote za moto. Lakini lori haliwezi kufika kabla ya Jumapili, unalijua lilivyo. Simu zenu hazipatikani, nadhani mko mlimani; barua hii naipeleka kwa basi, labda itawahi. Mwambie asipande. Ajifanye mgonjwa. Anafanya kazi na wagonjwa, anajua wanavyofanya.

Ile ekseli sikuichagulia barabara. Niliichagua kumnasa mwongo, na mwongo nilijua ni wewe. Mkeo hata hakunijia akilini. Msomee barua zote, uongo wako na mtego wangu, usiruke neno. Akasirike, lakini akasirike akiwa chini ya mlima.

Halafu niandikie.

Dada yako

22 Machi

Mdogo wangu,

Jumapili imepita. Simu yako inaita tu. Ya wifi haiiti kabisa. Mama ameniuliza kwa nini nakwenda mlangoni kila basi likipiga honi. Nimemwambia nasubiri mteja. Amerudi kwenye mchele wake.

Andika chochote. Hata ukiandika uongo nitaupokea.

Dada yako

25 Machi

Wifi,

Hujambo? Mama mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, viungo vyote nimevihesabu na vipo. Mume wangu naye mzima, ila hataandika kwa muda. Kalamu ninayo mimi, na simu yake pia. Yangu ilizama kwenye ndoo ya kuoshea gari, hilo halina siri.

Barua yako ya kutoa ekseli ilifika Jumatatu. Kwa hiyo ujue kwamba Jumapili nilipanda.

Gari la wagonjwa ninaloendesha lina ekseli nzima. Lile teke lake nalijua, na wagonjwa wangu wanalijua zaidi. Kwenye kona ya tatu niliachia mafuta mapema, nikaipita kama vile nyuma nimelaza mama mwenye uchungu. Nyuma ikaruka hivyohivyo. Kuna kitambo kidogo pale ambapo gari halikuwa langu wala la tajiri, lilikuwa la bonde. Kisha likarudi. Nimekuwa wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja alimalizia mtaroni. Tajiri wa saruji ananisalimia kwa nyusi.

Jumatatu nikasoma barua zenu zote. Mume wangu akatoka nje kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Sasa nikuambie nilichokuwa nawaza mimi. Nilidhani unajua kuwa dereva ni mimi. Kasha lilipofunguliwa nikaona ile ekseli, nikasema moyoni, haya, wifi ananijaribu. Mtu anayejua spea kama yeye hawezi kukosea hivi kwa bahati mbaya. Ndiyo maana nikamwambia mdogo wako afunge. Sikutaka upate habari kwamba nimelalamika. Mazoezi yote yale nimefanya nikiwa na hasira na wewe, nikikata kona nikikutaja. Kumbe hukuwa hata unanifikiria. Sijui kipi kinauma zaidi.

Nimeona pia kwamba mmeandikiana kurasa zote hizo juu ya nyuma ya gari, yeye anakuficha, wewe unamtegea, na hakuna aliyeuliza barabara ikoje. Iko hivi. Pa kuondokea ni tambarare fupi, sihitaji kuruka kama risasi. Baada ya hapo ni kona mpaka juu, na mbili zimeliwa lami upande wa ndani, pale gurudumu linapohitaji kubaki chini. Kwa barabara hiyo ni kila gurudumu na lake. Mdogo wako alilijua hilo siku ya kwanza, wewe ulilijua siku ya pili, na mimi ningewaambia nyote kama mngeniuliza.

Kasha lako la pili limefika leo. Mume wangu analizunguka kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Nimekataa lifunguliwe.

Panda lori la Kofia, uje na spana zako. Mlete na Mama. Yeye alimkataza mwanawe, mimi hajanikataza, na kama anataka kunikataza namtaka aniambie uso kwa uso, nitamsikiliza. Kasha utalifungua mwenyewe na nyuma utaifunga mwenyewe, bolti kwa bolti. Mimi nitakaa juu ya ndoo hapo pembeni, nakuangalia mikono.

Ukimaliza tutakunywa chai. Halafu tutapanda mpaka kona ya tatu, mimi kwenye usukani, na wewe kiti cha pembeni.

Wifi yako