Kilio ya Muntu Muzima

Siku ya posho, 8 Novemba

Leo wamenipiga kamera. Minye, mimi Ghislain. Likasi nzima itaona. Nilikuwa mtoto wa marehemu, kazi yangu kukaa kimya na sura ya huzuni. Rémy, mwenye filme, asema niko na sura ya mtu aliyepoteza simu. Sawa. Simu pia inauma.

Walikuja kwetu Kikula sababu wenye nyumba wanayopigia filme siku zote walikataa kilio ya uongo. Mama alikubali. Asubuhi anachoma watu sindano kwa dispensaire, Jumamosi, siku ya posho, anakuwa Josée wa TV — mwanamke wa kazi, mume mlevi, mawifi wakali. Leo mume wa Josée amekufa. Basi wakatoa viti vyote nje kama kilio ya kweli. Mikeka chini. TV ikafunikwa shuka. Makala, mkaa wa moto, ikawaka mbele ya mlango.

Ikakosekana picha ya marehemu. Mama alikuwa chumbani, wanamvua hereni. Rémy akaangalia ukuta, akashusha picha ya Papa — Papa Casimir na kofia ya kazi, nyuma yake mitambo ya umeme ya Koni, kule anakofanya kazi hata leo. Akaifunga kitambaa cheusi.

— Itafaa, asema. Inaonekana muntu wa heshima.

Mama akatoka, akaiona. Nilingoja amtukane Rémy. Akakaa kwa mkeka, akalia. Si kilio chake cha filme, kile cha jicho moja kwa kamera. Na akaita jina. Kwa karatasi ya filme mume wa Josée ni Théophile. Mama aliita Casimir. Casimir, Casimir. Hakuna aliyesema coupez kusimamisha kamera.

Kisha courant ikapotea, umeme wote. Cabine, transfoma ya quartier, imeungua. Ilibaki sehemu ya kumaliza kilio: ndugu za marehemu wanafagia nyumba, wanamnawisha mjane, wao wenyewe wanarudisha viti ndani. Haikupigwa. Mvua ikaanza, vijana wa kamera wakarudisha viti mbio mbio, vingine miguu juu. Rémy asema tutamaliza posho ingine.

Siku ya tano, 14 Novemba

Filme imepita jana jioni, bila mwisho wake. Sisi hatukuona, courant bado kwa quartier yetu. Nikaenda soko ya Kikula nimepaka mafuta, nimevaa shati ya kola, tayari kwa sifa. Hakuna msichana aliyesema kitu juu ya sura yangu. Wanashika mkono, wanasema pole, tumeona picha ya Papa yako. Nawaambia ni filme. Wanasema ndiyo, mutoto, jikaze.

Papa hakuja leo. Zamani alikuja kila siku ya tano. Tangu mwaka huu anakuja mara moja kwa mwezi, anasema kazi. Kuko mama moja kule Kapolowe. Jina lake halitajwi kwetu. Mama akisikia gari ya Kapolowe inaita watu barabarani, anaongeza chumvi kwa mboga bila kuonja.

Siku ya Mungu, 16 Novemba

Papa amepiga simu. Sauti ndogo. Kule Koni courant iko, wao ndio wanaitengeneza, basi wameona filme wote pamoja. Kesho yake wenzake walimwachia kiti kitupu mezani, wakavua kofia. Walicheka. Yeye hakucheka.

— Ambia mama yako, siwezi kulala mu nyumba beko banalia minye.

Nikampa Jenny simu amsalimie. Mdogo wangu ana miaka sita, anasema na kila mtu, hata mbuzi. Akaficha mikono nyuma.

— Hapana, haina Papa ile. Papa iko pale.

Akaonyesha ile picha, imerudi ukutani.

Siku ya tatu, 19 Novemba

Picha imegeuka. Leo asubuhi ilikuwa inaangalia ukuta, mgongo kwetu. Nimeirudisha. Mimi si mwoga, muulize yeyote hapa Kikula, mimi niliingia shimo la wachimbaji na kandili bila mafuta. Lakini niliirudisha na fimbo ya ufagio.

Nikamuuliza Jenny. Hapana. Nikamuuliza Mama. Akaendelea kupiga pasi blouse yake nyeupe ya dispensaire, makala inalia ndani ya pasi.

Mchana imegeuka tena.

Siku ya ine, 20 Novemba

Tantine Orpa amekuja, dada wa Papa, na Biblia kwapani. Hakuingia. Alisimama kwa mlango, akaongea kutoka pale kama anauza samaki.

— Marceline, ulifungua kilio, haukuifunga. Kaka yangu haiko anakula, haiko analala. Acha ile TV, uape mbele ya Mungu. Njo hapo tutakuja na ufagio tumalize.

Mama: Yaya, dada mukubwa, ile ilikuwa filme.

— Filme. Na uliita jina ya nani?

Mama akaangalia miguu yake. Mama yangu! Yeye aliyemjibu daktari mkubwa mbele ya wagonjwa. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha, hiyo ni kazi yangu hapa nyumbani. Nikaishia kukuna kichwa.

Tantine alipoenda, Mama aliniambia bila kuniangalia:

— Ghislain, muntu anaweza kufa na bado anapiga simu.

Siku ya posho, 22 Novemba

Naandika kwa dirisha, yote iko mbele yangu nje.

Papa amekuja saa nane. Amekonda. Jenny alimwona, akakimbilia chini ya kitanda, bado yuko huko. Papa akasimama palepale aliposimama Tantine.

— Ghislain, leta kiti.

Nikaleta.

— Vyote.

Nimevitoa vyote. Akasema leta na ile picha. Nikaleta, nilisahau hata kuogopa. Sasa amekaa kati ya viti vitupu, picha kwa magoti, uso kwa barabara. Anangoja ndugu zake na ufagio. Tantine ametuma neno: haji mpaka Mama aape.

Simu yangu imelia. Rémy. Wako njiani, wameazima jenereta, Josée ajitayarishe. Nimezima. Sijamwambia mtu.

Mama amefika kutoka kazini na blouse nyeupe. Ameviona viti. Ameweka mkoba chini.

Na hapo akapita Mama Blandine, yule mzee wa nyuma ya kanisa, mfuko wa makala kichwani. Akaona viti nje. Akaona picha. Akatua makala mbele ya Papa, kama mtu yeyote anavyoleta kwa kilio, akamshika mkono mikono miwili.

— Pole, baba. Alikuwa muntu muzuri.

Nilingoja Papa acheke. Au akasirike. Papa alisema: Asante, mama. Akapokea.

Mama Blandine ameenda. Mama ameangalia ule mfuko muda mrefu. Amevua viatu. Amekaa chini kwa udongo, na blouse yake nyeupe, mbele ya Papa. Mkeka hakuna, kamera hakuna. Halii. Anamwangalia Papa, anangoja. Papa amegeuza picha, sasa inamwangalia yeye mwenyewe.

Gari la Rémy linapiga honi kwa kona.

Courant imerudi. TV imewaka yenyewe ndani, chini ya shuka yake. Wanarudia filme. Mama yuko nje, kimya, na ndani Mama analia: Casimir, Casimir. Papa amegeuza kichwa kama mtu aliyeitwa. Amesimama. Mguu mmoja umeelekea mlango, mwingine uko bado mbele ya Mama.