Nilimkana Bibi Kwenye Dirisha la Tiketi

Shangazi mpendwa, shikamoo. Hiki ninachokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nilimkana bibi yangu mbele ya watu, naye mpaka leo anaamini kwamba nilimsemea vizuri.

Mimi ni msichana, nimemaliza shule mwaka huu na niko nyumbani nasubiri matokeo. Tunaishi kisiwani, na bibi, yaani mama yake mama, ana mdogo wake anayeishi kisiwa kingine, ambako ukitaka kufika unapanda feri kubwa mpaka kisiwa cha kati, halafu pale unashuka na kupanda boti ndogo. Macho ya huyo bibi mdogo yanaisha na daktari amesema hayatarudi, kwa hiyo wanapigiana simu kila siku, yeye anamwambia bibi njoo nikuone ulivyochakaa kabla sijapofuka, na bibi anamjibu kwamba sura yenyewe hii ukiikosa hujakosa kitu, wanacheka mpaka bibi anakohoa, lakini simu ikikatika bibi anageukia ukutani na hataki kuongea na mtu.

Bibi hatembei, anatumia kiti cha magurudumu. Safari iliyopita mabaharia walimbeba wakamshusha kwenye boti kama gunia, nguo ikampanda mpaka mapajani, abiria wote wanatazama, na bibi hakusema neno hadi tuliporudi nyumbani, ndipo akasema hatabebwa tena na mtu mpaka siku atakayokuwa maiti, maana siku hiyo hatakuwa na la kusema. Kwa hiyo safari hii alisema atakwenda kama ataingia kwa kiti chake, la sivyo haendi. Mjomba akaulizia bandarini, akaambiwa inawezekana, ila lazima useme wakati wa kukata tiketi, kwa sababu nafasi za viti hivyo kwenye sitaha ya chini ni chache, na kule kisiwa cha kati inabidi wajulishwe mapema ili boti ndogo ifungwe kwenye gati lenye mteremko badala ya lile la ngazi.

Mjomba alitaka kwenda kukata tiketi mwenyewe, bibi akamkatalia, akasema nitumwe mimi kwa sababu maneno yangu ni machache lakini yamenyooka.

Shangazi, mimi nina aibu kuliko ninavyoweza kueleza. Shuleni waliniita Kimya. Ile ofisi ya tiketi ina dirisha la kioo na karani anaongea kwa kipaza sauti, na kila unachomjibu anakirudia ili mwenzake aliye nyuma aandike, kwa hiyo ukumbi mzima unajua mambo yako. Baba mmoja mbele yangu alisema anasafiri na mkewe mjamzito, karani akarudia mjamzito, akauliza miezi mingapi, yule baba akasema hilo labda aulizwe mwenyewe, watu wakacheka sana, na nyuma yangu walikuwepo wasichana wawili niliosoma nao, nikamsikia mmoja akisema leo tutaisikia sauti ya Kimya. Nikafika dirishani. Karani akauliza wangapi, nikasema watatu, bibi, mama na mimi. Akauliza kama kuna mgonjwa au mtu asiyeweza kupanda ngazi. Nilifungua mdomo nikaona karani ameshausogeza mkono kwenye kipaza sauti chake, na nyuma yangu mtu akakohoa kwa makusudi.

Nikasema, "Hapana, wote wazima."

Karani akarudia kwa ukumbi mzima, "Wote wazima."

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa mlangoni ananingoja. Akaniuliza, "Umewaambia habari ya kiti?" Nikasema, "Ndiyo, bibi." Akanishika mkono, akasema, "Nilijua."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Amemwita fundi baiskeli akatia grisi magurudumu, amempigia mdogo wake kumwambia ajiandae, ataingia kwake na kiti chake kama waziri. Safari ni mwisho wa mwezi. Nimejaribu kupiga simu ile ofisi, lakini wakisema haloo nakata. Nimewaza nimwambie bibi kwamba wenye feri wamekataa kiti, nimewaza pia ninyamaze tu, tukifika watambeba na yatapita. Mama nikimwambia atapiga kelele mtaa mzima usikie. Sijui nianzie wapi.

Naomba usitaje jina langu wala la kisiwa chetu. Na wewe unayesoma hapa, kama unamfahamu bibi mwenye kiti kilichotiwa grisi juzijuzi, nakuomba sana, usimwambie.

Ni mimi, Kimya.

*

Marahaba, mwanangu.

Nimekurusha foleni. Kuna mama wawili walioniandikia kabla yako kuhusu waume watoro, nimewaambia wasubiri, maana waume wale watakuwa watoro hata wiki ijayo, ila feri yako itaondoka.

Kwanza pole. Ofisi inayotangaza mimba za watu kwa kipaza sauti ina makosa yake, na wale wasichana wawili wangekuwa wanangu ningewaita wakae chini tuongee. Neno la dirishani lilikutoka kwa hofu, sikulaumu sana. Lakini lile la mlangoni je? Pale hapakuwa na kipaza sauti wala mtu wa kukohoa. Alikuwepo bibi yako tu, na aliuliza swali jepesi. Na huo uongo wa tatu unaoupika, wa kuwasingizia wenye feri, uache ulipo. Kunyamaza nako usikuite kunyamaza. Unajua kitakachotokea gatini, umenieleza mwenyewe.

Sikuambii uache aibu. Haitaisha mwezi huu. Nenda nayo hivyo hivyo, asubuhi ofisi inapofunguliwa, kabla ukumbi haujajaa, na useme hivi: "Tiketi hizi zina kosa langu. Bibi yangu anatumia kiti cha magurudumu. Naomba nafasi ya sitaha ya chini, na mwajulishe kisiwa cha kati." Yaseme peke yako mpaka mdomo uyazoee. Karani akiyarudia kwa kipaza sauti, ayarudie, ndiyo kazi yake. Usitoke pale mpaka tiketi zimebadilishwa na umesikia kwa masikio yako wakipiga simu kule. Nafasi zikiwa zimejaa, uliza siku inayofuata, lakini usikubali wala kukataa chochote. Rudi umuulize bibi. Kungoja ni juu yake, kubebwa ni juu yake, kughairi pia ni juu yake. Si wewe, si mama yako, si mjomba.

Na kabla ya hiyo ofisi, bibi. Kelele za mama utazisikia baadaye, hazijawahi kumuua mtu. Ingia kwake, usianze kwa kulia, maana ukilia atakubembeleza, na leo si zamu yako kubembelezwa. Mwambie, "Bibi, waliniuliza nikasema wote wazima. Niliona haya." Halafu nyamaza, hilo nasikia unaliweza. Akinuna, mwache anune, wewe kaa hapo hapo karibu naye. Akisema twende wote bandarini, shika kiti usukume.

Jina lako sikulitaja. Lakini mwanangu, gazeti likiingia mikononi mwako limeshaingia na kwa majirani, na mimi sina uwezo wa kuziba midomo ya mtaa mzima. Asisikie kwao. Liweke chini sasa hivi, uende chumbani kwake.

Shangazi